Kuvu Iliyojificha Ndani ya Jina la Nimonia

  

Unapompeleka mtoto zahanati au hospitali, kuna jambo moja linalofanyika kila mara. Mhudumu anashika kalamu na kuandika. Anaandika katika kijitabu cha mama na mtoto, kisha anaandika katika daftari kubwa la kituo. Siku hizi vituo vingine huandika katika kompyuta. Je, umewahi kujiuliza maandishi hayo huenda wapi? Wengine hudhani ni kupoteza wakati huku foleni ikizidi kuwa ndefu na mtoto analia mgongoni.

Leo nitawasimulia historia ya ugonjwa mmoja wa mapafu ambao umewaua watoto wachanga wengi. Unaletwa na kuvu. Kwa miaka mingi kuvu hiyo iliandikwa mahali pasipo pake, na huku kwetu Afrika mara nyingi haikuandikwa kabisa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto ana thamani kuliko mali, na ugonjwa usioandikwa humchukua bila habari.

KUVU NI NINI?

Kuvu, ambayo wengine huiita ukungu au fangasi, umeiona juu ya mkate uliokaa siku nyingi, na kwenye mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka vizuri. Nyingine humpata binadamu. Mashilingi ya kichwani kwa watoto wa shule ni kuvu. Utando mweupe mdomoni mwa mtoto anayenyonya ni kuvu pia. Hizi ni za kawaida, na mhudumu huzitambua kwa macho.

Lakini ziko kuvu nyingine ambazo si za kawaida. Hizi huingia ndani ya mwili mahali ambapo macho hayafiki: kwenye mapafu, kwenye damu, au kwenye utando wa ubongo. Tutakayoizungumzia leo huishi kwenye mapafu. Kwa Kiswahili chetu cha redio tuiite nimosisti.

Watoto wengi hukutana na nimosisti wakiwa bado wadogo, na miili yao huishinda bila mama hata kujua. Hatari iko kwa yule ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu. Huyo anaweza kuwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na kukosa lishe, mtoto anayetibiwa saratani, au mtoto aliyeambukizwa virusi vya ukimwi. Kwa mtoto mwenye virusi, hatari huwa kubwa zaidi kati ya miezi 3 na 6 ya umri. Anaweza kuwa ananyonya vizuri leo, na baada ya siku chache akawa anahema kwa shida, midomo imeanza kuwa ya bluu.

NAMBA ZA MAGONJWA ZILITOKA WAPI?

Kabla ya kuifuata kuvu hiyo, tuangalie kwanza jinsi watu walivyoanza kuandika magonjwa.

Katika mji wa London, zaidi ya miaka 350 iliyopita, mtu akifa wanawake wazee walitumwa nyumbani kwake wautazame mwili na kuuliza alikufa kwa nini. Walichosema ndicho kilichoandikwa. Mwaka wa 1662 mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye John Graunt alichukua orodha hizo za vifo, akazihesabu na kuzichapisha kwenye kitabu. Kwa mara ya kwanza watu waliona kwa hesabu jinsi watoto wadogo walivyokuwa wakifa kwa wingi.

Karibu miaka 200 baadaye, daktari William Farr alifanya kazi katika ofisi ya kuandikisha vifo huko huko Uingereza. Katika ripoti ya 1839 alieleza tatizo ambalo hata sisi tunalo hadi leo. Ugonjwa mmoja ulikuwa ukiitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja lilikuwa likipewa magonjwa mengi. Ukihesabu namna hiyo, utahesabu nini?

Mwaka wa 1893, Mfaransa Jacques Bertillon alipeleka mkutanoni Chicago, Marekani, orodha moja ya sababu za vifo ambayo nchi zote zingeweza kuitumia. Orodha hiyo ikaanza kurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa, mara ya kwanza ikiwa Paris mwaka wa 1900. Mwaka wa 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua kazi hiyo, na orodha ya 6 ikaanza kuhesabu magonjwa ya walio hai pia, si vifo peke yake.

Orodha ya 10 ilipitishwa mwaka wa 1990. Humo kila ugonjwa una herufi na tarakimu zake. Magonjwa ya kuvu yamepangwa kuanzia B35 hadi B49. Mashilingi yako B35, na utando mweupe wa mdomoni uko B37. Daktari wa Mombasa akiandika B37, daktari wa Brazil ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili anaelewa.

Sasa, mama, ukiitafuta nimosisti kati ya B35 na B49 katika orodha hiyo ilipotoka, hungeipata. Ilikuwa imewekwa kwingine. Kisa chake ni hiki.

KIJIDUDU KILICHODHANIWA KUWA KINGINE

Mwaka wa 1909, daktari Carlos Chagas wa Brazil aliona vijifuko vidogo sana katika mapafu ya wanyama wa maabara. Wakati huo alikuwa akichunguza kijidudu kingine kabisa, na alidhani vijifuko hivyo ni hatua moja katika maisha ya kijidudu chake. Mwaka uliofuata Antonio Carini, Mwitaliano aliyefanya kazi São Paulo, aliona vijifuko kama hivyo katika mapafu ya panya. Mwaka wa 1912, mume na mke waliofanya kazi Paris, Bwana na Bibi Delanoë, walitambua kwamba hiki si kijidudu cha Chagas. Ni kingine, kikapewa jina linalomkumbuka Carini.

Hata hivyo walikiweka katika jamii ya vijidudu vya chembe moja, jamii ile ile ya kijidudu cha malaria. Kwa vyombo walivyokuwa navyo, kilifanana na hivyo. Na kwa kuwa kilionekana kwenye wanyama, hakuna aliyeshughulika nacho sana.

Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Mwaka wa 1942, huko Uholanzi, watafiti wawili waitwao van der Meer na Brug walieleza kwamba wamekikuta katika mapafu ya binadamu, watoto wachanga wakiwa miongoni mwao. Taarifa hiyo haikusikika mbali.

Baada ya vita, katika nyumba za kulelea watoto za Ulaya ya kati, watoto wa miezi michache walianza kufa kwa nimonia ya ajabu. Wengi walikuwa wamezaliwa kabla ya wakati, au walikuwa wamedhoofika kwa kukosa chakula. Walihema haraka haraka, na dawa za kawaida hazikuwasaidia. Mwaka wa 1952 Josef Vaněk na Otto Jírovec wa Chekoslovakia walionyesha kwamba katika mapafu ya watoto hao kulikuwa na kile kijidudu cha Carini. Kifo kilichokuwa kikiandikwa "nimonia" tu sasa kikapata sababu yake. Baada ya kujulikana sababu, dawa ikatafutwa. Mwaka wa 1958 madaktari wa Hungaria waliripoti kwamba dawa iitwayo pentamidini, iliyokuwa ikitumiwa kutibu ugonjwa wa malale, iliwasaidia watoto hao.

Mwaka wa 1977, daktari Walter Hughes na wenzake wa Memphis, Marekani, walipata jibu lililo bora zaidi. Walichukua watoto 160, wengi wao wakitibiwa saratani. Nusu walipewa dawa ya kotrimoksazoli, ambayo wengi wenu mnaijua kama Septrin. Nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Katika wale 80 waliokosa dawa, 17 walipata nimonia hii. Katika wale 80 waliopewa dawa, hakuna hata mmoja. Kumbe dawa ya bei nafuu ingeweza kuuzuia ugonjwa usimpate mtoto kabisa.

MWANAMKE ALIYESOMA FOMU ZA DAWA

Mwaka wa 1981, katika kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilichoko Atlanta, kulikuwa na mwanamke aitwaye Sandra Ford. Hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kupokea maombi ya dawa zisizouzwa madukani na kuwatumia madaktari walioziomba. Pentamidini ilikuwa mojawapo, na nchini Marekani ilipatikana kwenye kituo hicho peke yake.

Kila ombi lilipaswa kueleza mgonjwa ana nini, na kwa nini kinga yake imeshuka. Kwa kawaida jibu lilikuwa saratani, au dawa za mgonjwa aliyepandikizwa figo. Lakini sasa Ford aliona maombi mengi kuliko kawaida, ya vijana wa kiume ambao hakuna aliyejua kwa nini kinga yao imeshuka. Hakuyapitisha tu akanyamaza. Aliwaarifu wakubwa wake.

Tarehe 5 Juni 1981, jarida la kila wiki la kituo hicho lilichapisha habari za vijana 5 wa Los Angeles waliougua nimonia ya nimosisti. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza katika jarida la kitabibu kuhusu ugonjwa ambao baadaye tuliuita ukimwi.

Fikiria jambo hili, mama. Kama madaktari hao wangeandika "nimonia" tu, dunia ingechelewa zaidi kujua kwamba ugonjwa mpya umeingia. Kilichosaidia ni kwamba kuvu isiyo ya kawaida iliandikwa kwa jina lake, na mtu akayasoma maandishi hayo.

1988: KIJIDUDU KINAHAMA JAMII

Hadi wakati huo bado wengi waliamini kwamba nimosisti ni jamaa ya kijidudu cha malaria. Mwaka wa 1988 watafiti wa Marekani walichunguza chembe zake za urithi, wakaonyesha kwamba ni kuvu. Ilikuwa imekaa katika jamii isiyo yake tangu 1912, miaka 76.

Lakini ni kuvu ya ajabu. Dawa nyingi za kuvu hupiga sehemu fulani ya ngozi ya chembe ya kuvu, na nimosisti haina sehemu hiyo. Kwa hiyo dawa unayopewa ya utando mweupe wa mdomoni haiwezi kuitibu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba jina la ugonjwa lazima liandikwe kwa ukamilifu. Mtu akiandika "kuvu" peke yake, dawa inaweza kukosewa. Akiandika "nimonia" peke yake, dawa inaweza kukosewa pia.

Na namba yake je? Orodha ya 10 ilipopitishwa mwaka wa 1990, nimosisti ilipewa namba B59, katika safu ile ile ya malaria, ambayo iko B50 hadi B54. Sayansi ilikuwa imekwisha kuihamisha, kitabu kilikuwa bado. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliirekebisha na kuipa namba B48.5, pamoja na kuvu wenzake. Wamarekani, katika toleo lao wenyewe la orodha hiyo, waliendelea na B59. Na mgonjwa akiwa na virusi vya ukimwi, kuna namba nyingine tena, B20.6. Kwa hiyo mtu akitaka kuwahesabu wagonjwa wa kuvu hii moja, inambidi afungue droo tatu. Akisahau moja, amewapoteza watu.

Orodha ya 11, iliyopitishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, imeiweka pamoja na kuvu. Jina la kitaalamu la kuvu inayompata binadamu nalo limebadilishwa. Ilionekana kwamba ile ya panya ni nyingine, hivyo ya kwetu sasa inamkumbuka Jírovec, yule aliyewachunguza watoto wa baada ya vita. Na Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kufanyiwa utafiti zaidi. Nimosisti imo.

HUKU AFRIKA ILIKUWAJE?

Ukimwi ulipoenea Afrika katika miaka ya 1980 na 1990, madaktari wengi walisema nimosisti ni nadra huku. Wagonjwa wetu watu wazima walionekana kuugua zaidi kifua kikuu. Lakini kuitambua nimosisti kunahitaji kutoa majimaji ndani ya mapafu, kuyapaka rangi maalum na kuyaangalia kwa darubini. Hospitali ngapi zilikuwa na vifaa hivyo? Mtoto alihema kwa shida, akafa, na katika daftari ikaandikwa nimonia. Baada ya miaka mingi ya kuandika hivyo, ilikuwa rahisi kusema kwamba nimosisti haipo.

Waliolibadilisha jambo hilo ni wazazi waliofiwa. Katika hospitali kubwa ya rufaa ya Lusaka, Zambia, watoto 264 waliokufa kwa magonjwa ya kifua walichunguzwa mapafu kwa idhini ya wazazi au walezi wao. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2002. Miongoni mwa wale waliokuwa na virusi vya ukimwi, zaidi ya mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na nimosisti, na wengi wa hao walikuwa wachanga. Hebu mfikirie mama huyo katika saa ile ya kilio. Anaombwa ruhusa, naye anakubali, ili mtoto wa mwenzake asife vivyo hivyo.

Hapa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 kutoka hospitali ya Mbagathi, Nairobi, uliwaangalia watu wazima 51 wenye virusi vya ukimwi na matatizo ya kifua. Zaidi ya theluthi moja walikutwa na nimosisti. Ilikuwepo wakati wote.

Mwaka wa 2004 yakatoka matokeo mengine ya Lusaka. Watoto 541 wenye virusi, wa umri wa mwaka 1 hadi 14, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi lililopewa kotrimoksazoli kila siku lilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 43. Dawa hiyo haizuii nimosisti peke yake, huzuia na bakteria wengi wanaoleta nimonia ya kawaida. Mwaka huo huo mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kwamba watoto waliozaliwa na mama mwenye virusi, na watoto walioambukizwa, wapewe dawa hiyo.

Mama, sasa unajua yule muuguzi anayekukabidhi chupa ya dawa mtoto anapofikisha wiki 6 ameitoa wapi. Imetoka kwa watoto wa Ulaya waliokufa baada ya vita, kwa watoto wa Memphis, na kwa wazazi wa Lusaka. Vifo vyao viliandikwa, ndiyo maana wako anapewa dawa kabla hajaugua.

NA DAFTARI LETU JE?

Katika vituo vyetu, mwisho wa mwezi mhudumu huhesabu watoto waliotibiwa na kujaza fomu ya muhtasari. Tangu mwaka wa 2011 hesabu hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa taifa zima. Humo nimonia ina mstari wake. Magonjwa ambayo si ya kawaida huingia katika mstari wa magonjwa mengine. Kwa hiyo mtoto mwenye nimosisti akifika zahanati, kwa hesabu atakuwa mmoja wa watoto wa nimonia. Jina kamili la ugonjwa wake litaonekana tu kama mhudumu ameliandika katika daftari la wodi, katika faili lake, na katika kijitabu chake.

Hapa naomba tuzungumze kama akina mama. Nimewaona wenye vijitabu viwili. Kimoja ni cha kuonyesha nyumbani, kingine ni cha kliniki. Nimeona ukurasa umechanwa kwa sababu uliandikwa jambo ambalo mama hataki mama mkwe alisome. Simlaumu mama huyo. Anajua nyumba anayoishi. Lakini mtoto akizidiwa usiku na kukimbizwa hospitali na shangazi yake, akiwa na kile kijitabu cha kuonyesha, daktari wa zamu hataona kwamba mtoto huyu alizaliwa na mama mwenye virusi, wala kwamba dawa ya kinga ilisimama miezi miwili iliyopita. Ataona mtoto mwenye nimonia, na atatibu nimonia ya kawaida. Dozi ya kotrimoksazoli inayotibu nimosisti ni kubwa sana kuliko ile ya kinga, hutolewa hospitalini kwa muda wa wiki 3, na mtoto huhitaji oksijeni. Kila saa inayopita ina maana.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti virusi vya ukimwi inamkataza mhudumu kutangaza hali yako bila idhini yako. Ukihofia nyumbani, mwambie muuguzi. Mtatafuta pamoja njia ya kuandika na mahali pa kukiweka kijitabu. Kumweleza muuguzi hofu yako ni bora kuliko kuchana ukurasa.

KAZI YAKO WEWE MAMA NA MLEZI

Kwanza, mpeleke mtoto hospitali mara moja ukiona dalili za hatari. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, huko ni kuhema haraka. Kuanzia miezi 2 hadi asiyefikisha mwaka 1, ni mara 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni mara 40 au zaidi. Angalia pia kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, kama ameshindwa kunyonya, au kama midomo imekuwa ya bluu. Usingoje homa ipande. Mtoto mwenye nimosisti anaweza kuhema kwa shida bila homa kali.

Pili, beba kijitabu kila uendapo, hata kama unakwenda mazishi au kumsalimia nyanya mashambani. Anayebaki na mtoto ajue kilipo.

Tatu, eleza habari yote. Usiseme "ana kikohozi" ukanyamaza. Sema alianza lini, alizaliwa na uzito gani, amepewa dawa gani na nani, hata kama ni za dukani au za miti shamba. Maneno yako ndiyo yanayogeuka kuwa maandishi.

Nne, kabla hujaondoka uliza kwa heshima, "Daktari, umesema mtoto ana ugonjwa gani? Naomba uniandikie jina lake kitabuni." Hiyo ni haki yako.

Tano, kama mtoto ameandikiwa kotrimoksazoli ya kinga, mpe kila siku. Usiisimamishe kwa sababu amenenepa. Husimamishwa na mhudumu baada ya kipimo cha mwisho kuthibitisha, mtoto akiwa ameacha kunyonya, kwamba hana virusi. Akitokwa na vipele au macho yakiwa ya manjano, mrudishe kliniki haraka.

Sita, na hili ni zito. Mtoto akifariki, kifo chake kiandikishwe, hospitalini au kwa naibu wa chifu ikiwa amefia nyumbani. Eleza dalili alizokuwa nazo. Najua siku hiyo mtu hataki karatasi. Lakini mtoto aliyezikwa bila kuandikwa hahesabiwi popote, na kilichomwua hakitafutwi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini neno "nimonia" peke yake halikutosha kuwaokoa watoto wa Ulaya baada ya vita?
2. Sandra Ford hakuwa daktari. Alifanya nini kilichosaidia? Ni nani katika kijiji chetu anayeweza kufanya kazi kama hiyo?
3. Ni mambo gani yanayowafanya akina mama wa hapa kwetu kuficha kijitabu au kuchana ukurasa? Tunaweza kusaidianaje?
4. Leo ukirudi nyumbani, fungua kijitabu cha mtoto wako. Ziara ya mwisho kliniki iliandikwaje? Kama huelewi, ni nani utakayemwuliza?